Jiwe Moja, Lebo Moja: Jinsi Vimondo na Tektiti Vinavyosajiliwa

Ukipanda treni ya Mwanza kwenda Tabora, ukishapita Malya unafika Malampaka. Wengi wetu tunapajua kwa stesheni na kwa mpunga. Kwenye orodha ya kimataifa ya vimondo, Malampaka si stesheni, ni jiwe. Lilianguka huko mwaka 1930, uzito wake haufiki nusu kilo, na mtafiti wa Tokyo au Chicago akitamka jina hilo leo, anazungumzia jiwe hilo na si kitu kingine.

Mimi hufundisha jiografia chuoni hapa Mwanza, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka, ufunguo wa kabati la mawe ninao mimi. Si kabati la kutisha. Lina droo tatu: ya kwanza ina vipande tisa vya vimondo, ya pili ina tektiti kumi na nne (vijiwe vya kioo nitakavyovieleza mbele), na ya tatu ni ya mawe yanayoletwa na watu. Jiwe la Malampaka halimo. Mgeni akifunguliwa droo ya kwanza huuliza swali moja tu: "Ndiyo haya?" Ndiyo haya. Meusi, mengine yana kutu, na mengine ukiyamwaga kwenye kokoto za barabara ya Nyegezi hutayaona tena.

Aliyeshika ufunguo kabla yangu alikuwa mtu nadhifu. Siku moja aliamua kusafisha droo. Akatoa lebo zote, zile za karatasi ngumu zilizokuwa chini ya kila jiwe, akazitia kwenye bahasha moja ya kaki ili zisipotee. Na kweli hazikupotea. Zipo zote hadi leo, ishirini na tatu, kwa mwandiko wa kupendeza. Ila hakuna aliyejua tena ipi ni ya jiwe lipi.

Kuzirudisha kulituchukua miezi miwili, mimi na wanafunzi wawili. Nitaeleza usajili wa mawe haya kwa kupitia bahasha hiyo, maana kila kitu kinachopaswa kuandikwa kwenye kadi ya kimondo nilikielewa pale kilipokosekana.

Kwanza jina. Kimondo hakiitwi kwa jina la aliyekiokota, wala la aliyekinunua. Kinaitwa kwa jina la mahali kilipopatikana, na jina hilo huidhinishwa na kamati ya chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimondo, Meteoritical Society. Majina yaliyokwisha kuidhinishwa ni zaidi ya 70,000. Mengi ni ya Antaktika na majangwani, ambako mawe hupatikana kwa mamia mahali pasipo na kijiji cha kuyapa jina. Huko hupewa jina la eneo pamoja na namba, kama Northwest Africa 7034. Kabla kamati haijakubali jina, sehemu ya jiwe lazima iwekwe kwenye taasisi inayotambulika: gramu 20, au asilimia 20 ya uzito wote ikiwa hiyo ni ndogo zaidi. Sharti hilo lipo ili mwenye jiwe asije akaliuza lote na kuacha jina tupu lisiloweza kuchunguzwa.

Jina linafuata mahali, lakini mahali nako hubadilishiwa anwani. Jiwe la Malampaka lilipoanguka nchi iliitwa Tanganyika. Baadaye Malampaka ikawa mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 iko Simiyu. Lile bonge la chuma la Mbozi, linalokadiriwa kuwa na tani 16, lilikuwa Mbeya hadi mwaka 2016, sasa liko Songwe, na halijasogea hata shubiri moja. Jiwe la Peramiho lilianguka mwaka 1899, Wajerumani wakitawala. Msajili mwenye bidii ya kupita kiasi atafuta "Tanganyika" na kuandika "Tanzania" akidhani anasahihisha. Asifute. Maneno ya lebo ya kwanza hunakiliwa kama yalivyo, hata yakiwa na makosa, kisha pembeni huandikwa tunavyopaita leo, pamoja na latitudo na longitudo kama zinajulikana. Herufi ya zamani ni ushahidi wa umri wa lebo. Katika bahasha yetu tulijua lebo mbili ziliandikwa na mtu mmoja, kipindi kimoja, kwa sababu tu zote zilikuwa na kosa lilelile la tahajia.

Jambo la pili ni kutofautisha kilichoonekana kikianguka na kilichookotwa tu. Kiswahili hapa kinatubana kidogo, maana neno kimondo tunalitumia kwa mwanga unaokatiza angani usiku, ule ambao wazee wa pwani husema ni wa kumpigia shetani, na tunalitumia pia kwa jiwe lenyewe. Kwenye kadi hayo ni mambo mawili. Malampaka lilionekana likianguka. Mbozi hakuna aliyeliona. Lilikuwa limekaa pale muda mrefu kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kuliarifu mwaka 1930. Tofauti hii si ya mapambo. Jiwe lililookotwa siku lilipoanguka halijanyeshewa, halijaingiwa na udongo, na kemia yake inaaminika zaidi.

Halafu kuna suala la namba. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana, mawe yalianguka Mbale, Uganda, kaskazini-mashariki ya ziwa letu. Yaliyookotwa yalizidi 800. Moja dogo, la gramu chache, lilipunguzwa kasi na majani ya mgomba likamgonga kijana kichwani bila kumwumiza. Sasa, je, hivyo ni vimondo 800? Hapana. Ni kimondo kimoja, Mbale, kilichopasuka angani. Jina ni moja, vipande ni vingi, na kila kipande kinahitaji utambulisho wake. Mmarekani Harvey Nininger, aliyekusanya vimondo maisha yake yote, alikuwa na njia ninayoipenda: namba ya kimondo, nukta, kisha namba ya kipande. Sisi tumeiga hivyohivyo. Kipande cha pili cha kimondo namba 4 ni 4.2, na kikikatwa tena, mtoto wake hupata namba mpya na kadi inayotaja mzazi wake.

Wapi pa kuiandika hiyo namba? Baada ya mkasa wa bahasha, jibu langu ni juu ya jiwe lenyewe, penye nafasi. Hupaki rangi moja kwa moja. Unaweka tone dogo la plastiki iliyoyeyushwa kwa asetoni, aina iitwayo Paraloid B-72, likikauka unaandika kwa wino, kisha unafunika kwa tone jingine. Siku ukitaka kuondoa, asetoni inaondoa vyote. Huchagui upande wenye gamba jeusi la kuungua, maana gamba hilo ndilo alama ya safari ya hewani. Unatafuta uso uliovunjika au uliokatwa. Kijiwe kidogo mno namba yake hukaa kwenye kisanduku, na hapo unamwomba Mungu asije mtu nadhifu.

Tulizirudishaje lebo basi? Kwa mizani. Aliyeandika lebo zile, namshukuru popote alipo, aliandika uzito wa kila jiwe hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya maabara yetu ilikuwa imeharibika, tukaazima kwa mnunuzi wa dhahabu mjini. Mwanza utakosa vingi, lakini mizani nzuri hukosi. Tukapima mawe yote siku moja, bila kuangalia lebo, ili macho yasishawishike kuona tunachokitaka. Kisha tukamwaga bahasha mezani. Mawe kumi na saba yalipata wenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Kabla ya hapo nilidhani uzito ni takwimu ya kujazia kadi, kumbe ni alama ya kidole cha jiwe. Ndiyo maana kila tukio linalougusa huandikwa: tarehe, sababu, uzito kabla, uzito baada. Ukikata kimondo, msumeno hula sehemu yake na kuigeuza unga. Vipande viwili ukivijumlisha havifikii jiwe la mwanzo. Mtu asipoandika kiasi kilichopotea, miaka hamsini baadaye mwingine atadhani kuna kipande kiliibiwa. Na wizi nao upo, kwa hiyo ni vizuri hesabu ya unga ijulikane.

Mawe sita yaliyobaki yalihitaji kusoma zaidi ya uzito, na hapo ndipo zile alama za ajabu zilitusaidia. Lebo moja imeandikwa H5, nyingine L6. Herufi inahusu chuma: H ni lenye chuma kingi, L ni lenye chuma kidogo zaidi, LL ni lenye chuma kidogo kuliko yote. Tarakimu inasema jiwe lilipikwa kiasi gani likiwa bado sehemu ya gimba lake la asili: 3 lina viduara vinavyoonekana wazi, viitwavyo kondruli, 6 viduara vimekaribia kumezwa. Ukishuka chini ya 3 hadithi inageuka, si moto tena bali maji. Tukawasha taa, tukachukua lenzi ya mkono. Jiwe lenye viduara vya kuhesabika halikuwa L6, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliliona.

Katika mfumo huo wa alama kuna moja ambayo Mtanzania angepaswa kuijua kama anavyojua Kilimanjaro. Vimondo vyenye kaboni huanza na C, na herufi ya pili hutoka kwenye jina la kimondo kinachowakilisha kundi. CI ni I ya Ivuna. Ivuna iko upande wa Ziwa Rukwa, na jiwe lake lilianguka tarehe 16 Desemba 1938, gramu 705 kwa jumla. Mawe ya kundi hilo ni machache mno duniani, nayo yamebeba mchanganyiko wa elementi unaofanana na wa Jua, ukitoa zile gesi nyepesi. Kipande chake kikubwa kilinunuliwa na makumbusho ya historia asilia ya London mwaka 2008. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliporudisha gramu 5 na kitu za vumbi la sayari ndogo Ryugu mwishoni mwa 2020, walipolichunguza wakaona jamaa yake wa karibu ni kundi hilohilo la Ivuna. Hilo namwambia kila mwanafunzi anayelalamika kuwa sayansi ya anga haituhusu.

Droo ya tatu sasa. Hii ndiyo inayonipatia wageni. Kijana anakuja kutoka Geita na kitu kimefungwa kwenye kitambaa: "Shikamoo mwalimu, hili si la hapa. Sumaku inalishika." Anaamini ni dili. Wengine huliita jiwe la radi. Nami nalipokea, naliandikia risiti, kwa sababu kosa la kwanza la msajili ni kucheka.

Shida ni kwamba kanda hii ni sehemu mbaya mno ya kutafutia vimondo kwa sumaku. Miamba ya Geita ina tabaka za chuma zenye mistari, nzito, zenye sumaku asilia. Kwenye machimbo, gololi za chuma za karasha zikisagika huwa vibonge laini vya ajabu, ungeapa vimetoka mbinguni. Na kuna mavi ya chuma. Upande wa Kagera, pale Kemondo, jina lisikuchanganye, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Warongo wa Buzinza nao walikuwa mabingwa wa tanuri hadi nyakati za babu zetu. Mabaki ya tanuri ni mazito, meusi, yana vitundu. Vitundu hivyo ndivyo vinavyoyaumbua: kimondo karibu kamwe hakina matundu ya povu. Mavi ya chuma hayafai kwenye droo ya vimondo, lakini kwa mwanaakiolojia ni mali, kwa hiyo nayo huandikwa yalipookotwa kabla ya kupelekwa kwake.

Kupima ni rahisi. Sugua jiwe upande wa nyuma wa kipande cha tailizi, ule usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu au mweusi wa wazi, ni madini ya chuma ya hapahapa. Lisipoacha kitu, endelea kuuliza. Kwa chuma kitupu tunatafuta nikeli, kwa dawa ya maabara inayogeuza pamba kuwa ya pinki. Chuma cha kimondo huwa na nikeli angalau asilimia 5 hivi, gololi ya karasha dawa haiigusi.

Ila sumaku, tafadhali, iacheni mfukoni. Najua kila mtu ameambiwa ajaribu kwa sumaku. Northwest Africa 7034 niliyoitaja ni jiwe kutoka Mars, na lilikuwa na uwezekano wa kutuambia jinsi uga wa sumaku wa sayari hiyo ulivyokuwa zamani sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa sumaku za mkononi, hizi ndogo zenye nguvu, hufuta kumbukumbu hiyo. Waliolishika kwa nia njema wakitaka kujua kama ni kimondo walifuta sehemu ya habari yake kwa sekunde moja. Tumia dira, uone kama mshale unatikisika, na ukishagusa kwa sumaku, andika kwenye kadi kwamba uligusa. Aibu hiyo ni sehemu ya rekodi.

Tektiti ni jambo jingine, na kusema kweli hazistahili kukaa kabati moja na vimondo. Hazikutoka angani. Ni kioo cha udongo na mwamba wa dunia hii hii, kilichoyeyuka na kurushwa pale gimba kubwa lilipogonga ardhi. Jina alilitoa Franz Eduard Suess mwaka 1900, kutokana na neno la Kigiriki la kitu kilichoyeyuka. Zimekaa na vimondo kwa sababu ya ugomvi wa muda mrefu: hadi miaka ya 1960 wapo wataalamu waliosema zimetoka mwezini. Wanaanga wa Apollo walipoleta mawe halisi ya Mwezi kuanzia 1969, hayakufanana nazo, na hoja hiyo ikafifia. Ndiyo maana kwenye kadi zetu safu ya "mahali ilipookotwa" haichanganywi na safu ya "asili inayodhaniwa". Ya kwanza ni ushahidi wa mtu aliyeinama akaokota. Ya pili ni maoni, nayo huandikwa na mwaka.

Tektiti hazipewi majina mojamoja. Zinapangwa kwa uwanda wa mtawanyiko, na nyanda kuu ni nne: ya Amerika Kaskazini, ya Ulaya ya Kati, ya Ivory Coast, na ile kubwa kuliko zote, ya Asia na Australia, yenye umri wa miaka takribani 790,000. Hapo napo jina la mahali linaweza kukupoteza njia. Tektiti za Ivory Coast zilirushwa kutoka shimo la Ziwa Bosumtwi, Ghana. Zile za kijani za Jamhuri ya Czech zilitoka Ries, Ujerumani. Na ule uwanda mkubwa wa Asia, shimo lake bado linabishaniwa.

Kwa msomaji wa Ziwa, mtego mkubwa ni obsidiani, kioo cha volkano. Ya Naivasha ilibebwa na watu wa kale kama malighafi ya visu na kufika mbali, hadi kaskazini mwa Tanzania. Nyeusi, inang'aa, ukiiweka kando ya tektiti ya Thailand unaweza kukosea. Zinachotofautiana ni maji. Tektiti imekaushwa na joto hadi maji yake hayafiki asilimia 0.02, obsidiani huwa na mara nyingi ya hapo. Ukiichoma kwa moto mkali obsidiani hufura na kutoa povu, tektiti huyeyuka kimyakimya. Usifanye hivyo kwenye kielelezo chenye namba. Tanzania hatuna uwanda wa tektiti unaojulikana, kwa hiyo "tektiti" iliyookotwa hapa iulizwe maswali mara mbili.

Lebo mbili za tektiti zilitusumbua kwa kuwa na uzito mmoja, gramu 14.2. Kwa bahati, moja ilikuwa na maneno "umbo la tone". Tangu siku hiyo kila kadi ina mchoro na picha ya pande mbili, na rula ndani ya picha.

Baada ya hayo yote ilibaki lebo moja na jiwe moja. Lebo: Campo del Cielo, Argentina, chuma, gramu 62.4. Jiwe: kipande cha chuma chenye kutu, gramu 61.1. Vimondo vya Campo vinajulikana kwa kushika kutu, na kabati letu liko mita mia chache kutoka ziwani. Klorini iliyoingia kwenye nyufa pamoja na unyevu hukila chuma kutoka ndani. Kwanza unaona vijidoa vya rangi ya chai, kisha magamba yanadondoka. Sasa tumekiweka kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, ambavyo tunavikausha kila mwezi. Kutu inaongeza uzito kwa kushika oksijeni, magamba yakianguka yanaupunguza, kwa hiyo tofauti ya gramu 1.3 haithibitishi wala kukanusha.

"Mwalimu, si ndilo hilo hilo," akasema mmoja wa wanafunzi. "Limebaki peke yake." Nikamwambia limebaki peke yake ikiwa yale ishirini na mawili tuliyapatia yote. Tukafagia droo kwa brashi ya rangi, tukapata unga wa kutu gramu 0.7, tukautia kwenye mfuko wake. Kadi inasema: uzito wa lebo 62.4, uzito wa leo 61.1, unga 0.7, umehifadhiwa, lebo na jiwe vimeunganishwa kwa kuondoa mengine. Mbele ya jina la Campo del Cielo tumeandika "huenda", kwa penseli.